Siku Tisini

Kanuni iko ukurasa wa kumi na nne.
Nimeusoma mpaka karatasi imelegea kona:
mkopo usiorejeshwa siku tisini
ni mkopo mbovu, utengewe fedha,
uandikwe kwa wino mwekundu.

Wiki ile Ndeanasia alipochukua mkopo wake,
laki nne na nusu, mbolea na dawa ya chulebuni,
kahawa ilichanua Uru nzima,
nyeupe, kana kwamba kuna harusi migombani
na sisi wa benki hatukualikwa.
Ua la Novemba ni buni ya Julai au Agosti.
Hesabu kwa vidole, hata mtoto wa chekechea anaweza.
Rejesho lakini ni kila mwisho wa mwezi.

Benki yetu ina madirisha mawili,
na sefu iliyobebwa na vijana kumi na mmoja
siku lori lilipogoma kwenye tope la Machi.
Rejista ya wanahisa, ukurasa wa kwanza,
ni dole gumba, dole gumba, dole gumba,
na saini moja tu, ya mwalimu Kisamo.
Hisa ilikuwa bei ya kuku wawili.

Sasa waraka umefika: mtaji uongezwe mara nne
kabla ya miaka miwili kwisha,
ama tuungane na wakubwa wa mjini, ama tufunge.
Mkutanoni mzee mmoja akauliza
kama mtaji unaweza kuongezwa kwa ndizi.
Watu walicheka.
Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu.

Na dhamana, wanasema, iwe na hati.
Kihamba hakina hati. Kina makaburi.
Baba mkwe wa Ndeanasia amelala kusini mwa nyumba,
mkewe kando yake, na mpaka ni mstari wa masale
ambao hakuna mpimaji aliyewahi kuupinda.
Nitaandika nini kwenye safu ya “namba ya kiwanja”?

Mkaguzi alikuja Februari, Bi. Tumpe, binti wa Tukuyu,
viatu vyake vimechafuka, hakulalamika.
Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.
Siku ya pili, akipuliza chai,
akanisimulia mama yake na chama cha akiba
ambacho hakikukaguliwa na mtu.
Mweka hazina alikuwa mzee wa kanisa.
Jumatatu moja wakakuta kufuli jipya mlangoni.
Akanionyesha ukubwa wake kwa viganja viwili,
akabaki ameviacha hewani, chai ikapoa.
“Ukurasa huo unaouchukia,” alisema,
“mama yangu angeupigia magoti.”
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Siku ya themanini na tisa Ndeanasia aliingia,
hakukaa foleni, hakuna foleni siku hizi.
Akaweka kwenye kaunta, juu ya kalamu iliyofungwa kamba,
jani la isale lililopigwa fundo.

Wageni watauliza jani lina nini.
Huku kwetu ukiletewa hilo
na mtu aliyemwaga damu ya nduguyo,
unakaa chini, mnazungumza.
Hulikatai. Bibi yangu hakulikataa, na alikuwa na sababu.
Nikatazama fomu, mbele na nyuma:
kisanduku cha jani hakuna.

Jioni nilipita shambani kwake.
Nikachuma buni moja, kijani, nikaing’ata,
ngumu kama kokoto, chungu,
ulimi ukanikauka hadi nyumbani.

Nimeandika kwa wino mwekundu. Ndiyo, nimeandika.
Kuna akina mama wengine, wa akiba zao,
wanaopita kila Ijumaa kuangalia kama kufuli ni lile lile.
Ila chini kabisa, palipoandikwa “Maelezo mengine”,
wametuachia mistari miwili.
Nikaijaza kwa herufi ndogo, kwa wino wa bluu:

Siku ya tisini. Buni bado kijani, nimeonja.
Jani limepokelewa. Liko ndani ya sefu.